Baharia wa Chini na Karatasi Zake

Meli ikipigwa topido saa nane za usiku, aliye kwenye deki husikia mshindo akakimbilia boti. Aliye chini kwenye injini hana njia ila ngazi ya chuma, nyembamba, yenye utelezi wa mafuta, na taa zikizimika anaipapasa gizani huku maji yanamfuata miguuni. Mimi nimekuwa oila, yaani mpaka mafuta wa injini, kwenye meli za mizigo sehemu kubwa ya maisha yangu, na ngazi hizo nazijua kwa viganja. Topido sijawahi kupigwa, namshukuru Mungu. Lakini zamu niliyopangiwa mara nyingi ilikuwa ile ya saa sita hadi saa kumi, mchana na usiku, ambayo mabaharia wengi hawaipendi kwa sababu inakukata usingizi katikati. Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za meli ya Tilawa, kilichonishika kwanza ni saa yenyewe.

Tilawa ilikuwa meli ya kampuni ya British India, ambayo wazee wa Mombasa waliijua kama tunavyoyajua mabasi ya Malindi. Ilijengwa mwaka 1924 kule Hebburn, kando ya mto Tyne, Uingereza, na kazi yake ilikuwa kwenda na kurudi kati ya Bombay, yaani Mumbai ya leo, pwani yetu na Durban. Tarehe 20 Novemba 1942 iliondoka Bombay kuja Mombasa, ipite Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, imalizie Durban. Ilibeba watu 958: abiria 732, mabaharia 222 na wapiga mizinga 4. Usiku wa kuamkia tarehe 23, kama saa nane, ikiwa kaskazini mashariki ya Shelisheli, nyambizi ya Kijapani I-29 ikaipiga.

Haikuzama papo hapo. Watu waliruka, maboti yakashushwa kwa fujo, mengine yakapinduka. Baada ya muda meli ikaonekana bado inaelea, na baadhi ya watu wakaanza kurudi. Hapo ndipo topido la pili lilipokuja. Walikufa watu 280. Waliopona walikuwa 678, karibu wote wakiokotwa siku mbili baadaye na manowari HMS Birmingham iliyowarudisha Bombay. Ofisa wa redio, Duncan, anakumbukwa kwa kubaki kwenye mtambo wake akiomba msaada mpaka meli ikazama naye. Anastahili kila sifa. Mimi swali langu ni la upande mwingine: nani alikuwa zamu chini saa nane ile? Kwenye kila meli, saa hiyo kuna watu pale. Mtu hawezi kusema "wote walikuwa wamelala".

Mabaharia wa meli kama hizo karibu wote walikuwa wa Bara Hindi, na kazi ziligawanywa kwa asili ya mtu. Wa deki walitoka sana Gujarat na pwani ya Konkan. Wa mezani na jikoni wengi walikuwa Wagoa, Wakatoliki. Wa moto, yaani wa kwetu chini, wengi walikuwa Waislamu wa Sylhet, Bangladesh ya leo, na wa Punjab, watoto wa wakulima ambao bahari waliiona kwa mara ya kwanza siku ya kutafuta kazi. Aliyewaajiri hasa hakuwa kampuni, alikuwa serang, mnyapara wao, ambaye aliwachukua kutoka kijijini kwake au kijiji jirani, akawadai sehemu ya mshahara, akawasemea mbele ya wazungu. Mtu akiudhiana na serang, kazi imekwisha, na pengine hata nyumbani hapakaliki.

Kwenye meli za makaa za zama hizo, aliyekuwa chini kabisa kwa cheo ni mbeba makaa. Alisukuma toroli kutoka ghalani hadi kwenye matanuri huku meli inayumba, na kila siku ghala lilivyopungua ndivyo alivyotembea mbali zaidi. Mchochea moto alifungua mlango wa tanuri, akatupa makaa kwa sepetu kwa namna ya kuyasambaza, akafunga, akahamia mlango wa pili. Halafu kulikuwa na kazi ya kusafisha moto: kuvunja kwa nondo yale mabonge yaliyogandamana, kuyavuta nje yakiwa mekundu, kuyamwagia maji, na ule mvuke wote unaupumua wewe. Saa nne za zamu, mapumziko ya saa nane, unarudi. Zipo kumbukumbu za wachochea moto kwenye Bahari ya Shamu waliopanda juu kutafuta hewa wakajitupa majini kwa kurukwa na akili.

Sisi wa dizeli tulikuwa na nafuu, sidanganyi. Hata hivyo nimewahi kufanya kazi Ghuba mwezi wa Agosti ambapo gurudumu la valvu hulishiki bila kulizungushia tambara, na mwisho wa zamu unavua buti unamimina jasho kama unavyomimina chai iliyobaki kikombeni. Unajifunza kunywa maji kidogo kidogo. Unajifunza kusikiliza: mashine ikibadili sauti hata kidogo, mwili unajua kabla ya akili. Nikifikiria topido, nafikiria hilo kwanza. Yule mtu wa Sylhet alikuwa amezoea sauti ya meli yake, na kwa sekunde moja au mbili alijua kwamba ile si sauti yake.

Na alilipwa nini? Vita vilipoanza mwaka 1939, baharia wa Kihindi kwenye meli ya Uingereza alipata robo hivi ya mshahara wa Mwingereza aliyefanya kazi ileile. Mwezi ule ule wa vita mabaharia hao waligoma kwenye bandari kadhaa, London ikiwemo, wakidai mishahara iongezwe kwa kuwa sasa walikuwa wanapelekwa penye nyambizi. Baadhi yao walifungwa jela kwa hilo, ingawa mwishowe nyongeza ilipatikana. Watu hulisahau jambo hili wanapowasifu mabaharia wa vita kwa ushujaa: kwamba walikuwa pia wafanyakazi wanaohesabu senti, wenye haki ya kukasirika.

Hata Mwingereza maskini hakuwa salama. Mpaka Mei 1941, meli ikizama, mshahara wa mabaharia ulikatika siku hiyo hiyo. Unaelea juu ya ubao katikati ya Atlantiki, na kwa hesabu za tajiri wewe huna kazi tena. Nilipowasimulia hayo wenzangu mezani, mmoja alicheka akasema, "Sasa wao wana tofauti gani na sisi?" Tulikuwa kwenye meli iliyotelekezwa na mwenyewe katika bandari moja ya Ghuba, miezi bila mshahara, mchele wa msaada, ajenti hapokei simu. Hatukuwa na vita. Lakini kicheko chake nilikielewa.

Kuna kitu kimoja lakini kiligeuka katika zama zangu, na kinanichekesha mpaka leo. Wakati wa maharamia wa Kisomali, tulipokuwa tunavuka maji yale yale ya Tilawa, tulifundishwa kwamba maharamia wakipanda, wafanyakazi wote wajifungie mahali pamoja palipo imara. Kwenye meli yangu mahali penyewe palikuwa chini, kwenye injini. Nahodha, maofisa, mpishi, wote wakaja kufanya mazoezi kwetu, wanatoka jasho, wanauliza hivi nyinyi mnapumuaje humu.

Sasa nije kwenye kitabu kilichobeba majina ya mabaharia hao. Meli yetu ilipotia nanga Mumbai kwa ajili ya matengenezo, nilipata ruhusa ya kushuka. Wenzangu walikwenda kununua nguo. Mimi nilikwenda mtaa wa Masjid Bunder, kwenye jengo la Indian Sailors' Home. Nilikuwa nimesikia kwamba hapo ndipo ilipo kumbukumbu ya mabaharia wa Bara Hindi waliokufa vitani bila kaburi ila bahari. Wa vita vya kwanza ni zaidi ya 2,000. Wa vita vya pili majina yao yako kitabuni, zaidi ya 6,000 ukiwachanganya wa jeshi la majini na wa meli za biashara, na nakala ya pili ya kitabu hicho iko Chittagong, Bangladesh. Mtaa wenyewe ni wa makuli na magunia, harufu ya pilipili na matunda makavu, mikokoteni inakusukuma ukutani. Nilijiona niko sokoni Marikiti, Mombasa.

Kinachoandikwa kwenye orodha kama hizo ni kifupi: jina, kazi yake, meli yake, umri, tarehe. Kwa aliye na bahati kuna mstari wa ziada: mwana wa fulani, mume wa fulani, wa mji fulani. Mbeba makaa miaka kumi na tisa. Mchochea moto miaka ishirini na kitu. Mpishi mzee. Nilichokitazama sana ni wale ambao baada ya tarehe hakuna kitu, baba hayupo, kijiji hakipo. Na majina yenyewe ni yale yale yanayojirudia, Abdul huyu na Ali yule, yameandikwa jinsi karani alivyosikia kutoka kwa serang, naye karani hakuwa mtu wa huko. Ukimtafuta babu yako humo kwa jina tupu, utapata watu kumi na hutajua ni yupi.

Miaka mingine nikafika London, meli ikipakua Tilbury, nikaenda Tower Hill karibu na ule mnara wa zamani wa wafalme. Huko kuna bustani na kuta zenye mabamba ya shaba: karibu majina 24,000 ya vita vya pili, na 12,000 ya vita vya kwanza, ya mabaharia wa meli za biashara na wavuvi. Majina yamepangwa kwa meli. Nilipenda hilo, kwamba mtu anabaki na wenzake wa meli hata baada ya kufa. Utaona humo majina ya Wayemeni na Wasomali pia, watu wa moto waliokuwa wakiishi South Shields na Cardiff. Lakini wale walioandikishwa Bombay na Calcutta kwa mkataba wa Kihindi hawapo. Kwa hiyo kuna meli ambazo ofisa wake anasomwa London na mchochea moto wake anasomwa Mumbai. Walizama pamoja, na mkataba ukawatenganisha mpaka kwenye ukumbusho. Sidhani aliyefanya hivyo alikuwa na nia mbaya, alifuata mafaili.

Na sisi watu wa Afrika Mashariki tuna ya kwetu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia wa meli. Tarehe 12 mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga topido mbili, ikazama ndani ya dakika chache sana. Manowari zilizoisindikiza zilipaswa kuiwinda nyambizi ile palepale ambapo watu walikuwa wanaelea, zikatupa mabomu ya majini. Walikufa karibu 1,300. Askari wetu wa meli ile wana majina yao Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Wanaopita na matatu hapo kila siku ni maelfu.

Nimeyaeleza haya yote kwa sababu ya mwenzangu mmoja, ambaye jina lake nitaliacha kwa ajili ya familia yake. Tulifanya kazi pamoja kwenye meli ndogo ya pwani. Alikuwa mtu wa Kwale, mpole, mwenye mazoea ya kuimba chini kwa chini akipaka mafuta. Baadaye yeye akahamia meli nyingine, na asubuhi moja hakuonekana kwenye zamu. Walitafuta meli nzima, wakageuza, wakazunguka baharini mpaka jioni. Hakupatikana.

Msikitini kwao aliswaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Masheikhe wakawafariji watu kwa hadithi kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Hilo la Mungu likaisha upesi. La dunia ndilo lililokaa. Mke wake alitaka kujua aanze eda lini, ile miezi minne na siku kumi. Ndugu walitaka kujua mirathi itagawanywa lini. Bima walitaka cheti cha kifo, na cheti kilitaka mwili. Sheria ya Kenya inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amekufa. Miaka saba! Mtoto aliyemwacha mgongoni atakuwa anajua kusoma. Kwa upande wa dini maulamaa wana kauli zao, wako wanaosema angoje miaka minne, wako wanaosema mpaka iwepo yakini au hukumu ya kadhi.

Niliombwa niandamane nao kwa kadhi kwa kuwa najua mambo ya meli. Kilichotusaidia kilikuwa karatasi mbili: ukurasa wa daftari la meli ulioandikwa na nahodha siku ile, wenye saa na mahali, na mkataba wa marehemu uliokuwa na jina kamili, jina la baba, kijiji, na mke ametajwa kwa jina lake. Kadhi alizisoma taratibu, akamuuliza mama yule maswali mawili, akaniuliza mimi kama mtu anaweza kuishi majini muda gani kwenye bahari ile. Nilimjibu. Yule mama alikuwa amekaa mbele yangu, na kila neno nililosema lilikuwa linamfanya mjane. Sijapata kutoa ushahidi mgumu kama ule.

Tangu siku hiyo nikisoma habari za meli za vita, nawaona wake zao. Ofisi za Uingereza ziliandika "anadhaniwa amekufa maji" zikafunga faili. Katika kijiji cha Sylhet, ambako barua ilifika kwa mkono wa serang, kama yeye mwenyewe alipona, yule mke alianza eda lini? Na yule ambaye serang wake alizama pia, na karani hakuandika kijiji?

Halafu kuna habari ya fedha. Tilawa ilikuwa imebeba tani 60 za madini ya fedha, vipande 2,364, vilivyonunuliwa na serikali ya Afrika Kusini kwa ajili ya kutengenezea sarafu. Mwaka 2017 kampuni moja ya kuopoa mali za baharini ilivitoa chini, zaidi ya kilomita mbili kwenda chini, ikavipeleka Uingereza, na kukawa na kesi: wenye kuopoa walitaka malipo yao, Afrika Kusini ikasema ni mali ya dola. Kesi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo Mei 2024 ilikubaliana na Afrika Kusini. Nilifuatilia kesi ile kama watu wanavyofuatilia mpira. Sina ubaya na upande wowote. Ila nilistaajabu jinsi fedha ile ilivyokuwa na karatasi safi: nani ameuza, nani amenunua, imepakiwa wapi, inakwenda kwa nani. Baada ya miaka zaidi ya sabini na mitano, mawakili walikuwa na kila kipande mkononi.

Siku hizi vijana wa mtaani kwangu wakipata kazi ya meli huniletea fomu zao niwatazamie. Wengi wanajaza sehemu ya mshahara kwa makini na sehemu ya jamaa wa karibu kwa haraka. Mmoja alikuja wiki iliyopita, ameandika "Mama" na namba ya simu, basi.

"Mama nani?" nikamuuliza.

"Si mama yangu, Mzee. Wakipiga atapokea."

Nikamwambia aandike majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, kijiji, kata, na mzee wa mtaa.

"Na mke? Bado hatujafunga ndoa rasmi, ila yuko nyumbani."

"Basi nenda mkafunge kabla hujasafiri, mwanangu, uje na cheti hapa."

Alinitazama akidhani namtania. Akauliza kama meli ni ya hatari. Nikamwambia meli ni nzuri, mpya, ya kontena, yuko deki juu kwenye hewa. Kisha nikamwonyesha mahali pa kuandika namba ya simu ya pili, nikamwambia aweke ya imamu wa msikiti wao, kwa sababu mama yake hubadilisha laini kila mara.